Bulangeti ya Shangazi Tuliiosha na Sabuni

Kibabi, siku ya tano ya wiki, kisha maombi ya asubuhi

Mwanangu Sifa, mama yangu,

Nakusalimia mingi pale uko. Kama salamu inafika kule, shika yangu mbele, juu mimi njo nilikuzaa. Kisha shika ya papa yako. Yeye iko, muguu inamuuma siku ya baridi, na tangu uende anakaa kwenye mulango bila kusema. Ukipita karibu yake anajibu «ndiyo», hata kama haukumuuliza kitu. Koko yako anakusalimia. Macho yake imeisha kabisa sasa, lakini anasema umwambie babu yako asimuharakishe, bado iko na maharagi kwenye shamba. Riziki dada yako anakusalimia, yeye na mutoto ule uliacha angali ndani ya tumbo. Alizaliwa binti, analia sana, na anashika kidole ya muntu kwa nguvu mpaka Riziki anasema huyu ametoka kukata kuni. Aline mutoto wako anakusalimia. Meno mbili ya mbele imeng'oka. Analala na mimi, ananipiga magoti kwenye mugongo kama vile wewe ulikuwa unanipiga. Asubuhi anauliza kama kule uko wanapika. Mimi namwambia wanapika.

Na Shangazi.

Nilitaka kukuandikia salamu ya Shangazi vile ya wengine, mukono imekataa. Wacha niseme tu. Farasi yako Shangazi iko mugonjwa, Sifa. Anakohoa mpaka miguu ya mbele inatetemeka. Na ile ugonjwa ni mimi niliileta, na hii mikono naandika nayo.

Usikasirike mbele sijamaliza. Ao kasirika, lakini usikilize.

Unajua vile tunafanya. Muntu akiisha kuzikwa, siku ya kutoa kilio wamama wanabeba vitu yake yote kwenye mto, wanaosha kila kitu ilimugusa, ili kilio isibaki imekaa ndani ya nyumba. Ikikauka njo tunagawanya. Basi wamama wa kanisa walikuya mapema. Nikawapa vikwembe yako, nikawapa ile shuka, nikawapa koti ya mvula, nikawapa hata kamba ulikuwa unafunga nayo kichwa. Nilikuwa natoa tu, kama muntu anatapika. Kisha nikatoka inje, nikaona bulangeti ya Shangazi iko imelala juu ya uzio, ile ya bashi ya kijani, turubai ya kitambaa nzito, na ndani sufi. Hakuna muntu aliniuliza. Ni mimi nilisema, «Na hii pia. Mutoto yangu alikuwa anaikumbatia kila siku.»

Riziki akasema pole pole, «Mama, Sifa hakuwa anaiosha ile na sabuni.»

Mimi nikamukata. Nikasema, «Kilio haioshwi nusu.»

Unaona? Aliniambia. Na wewe uliniambia mara ngapi? Ulikuwa unakaa pale kwenye jiwe na burashi ya majani, unakwangua tope ikiisha kukauka, na mimi napita na ndoo napiga kelele, «Ile kitu inanuka! Inanuka farasi, inanuka moshi, inanuka mafuta ya tangu zamani, siku moja nitaitupa ndani ya sabuni!» Na wewe unacheka, «Mama, ukiitupa ndani ya sabuni utupe na mimi.» Tulikuwa tunacheka wote mbili. Mimi nilifikiri ni muchezo.

Tulitia sabuni ya unga. Wamama wanne wakaikanyaga na miguu, wanaimba. Povu ikatoka ya njano, kisha nyeusi, kisha nikaona juu ya maji mafuta inaenda inang'aa, rangi mingi mingi, inafuata mto. Nilishangilia, mwanangu. Nilipiga vigelegele. Nilisema, muangalie uchafu yote ilikuwa ndani! Kumbe haikuwa uchafu. Ilikuwa nta yako ya kuzuia maji, kazi yako ya myaka ine yote, inateremuka mto na mama yako anapiga vigelegele kwenye ukingo.

Ilikauka muzuri. Ilikuwa laini, inanuka sabuni. Nikamufunika Shangazi, nikasema sasa iko safi kama wewe pale uko.

Siku ya tatu mvula ikakuya, ile ya kwetu ya pembeni, inasukumwa na upepo kutoka juu kwenye malisho. Shangazi alikuwa inje anangoja kubebeshwa bidoni ya maziwa, vile anangojaka siku zote. Zamani, unakumbuka, maji ikianguka juu ya ile bulangeti inasimama kama punje ya mahindi kisha inakimbia. Aline alikuwa anaifuata na kidole, anasema ni watoto wanaenda masomo. Sasa maji haikusimama. Iliingia. Bulangeti ikakunywa mpaka ikalemea, ikamushuka kwenye mbavu kama muntu mulevi anamulalia, na hakuna muntu alijua, juu inje tuliona tu farasi iko amefunikwa. Papa yako njo alitia mukono chini yake jioni. Aliutoa mukono, akauangalia, akaniangalia mimi. Ingekuwa afazali angenitukana.

Kisha kikohozi.

Veterineri alipanda kutoka barabarani. Alitia sikio kwenye mbavu ya Shangazi wakati murefu, akasema ni mapafu. Akamupiga sindano. Akasema, «Mama, dawa yangu haiwezi kazi chini ya kitu yenye maji. Hizi wiki mbili akilowa tena mugongo, musiniite mimi. Muite mwenye kisu.» Alisema hivyo Aline amesimama pale. Nilitaka kumupiga na mwiko.

Na pahali pa kumuweka unapajua. Kile kibanda chake upepo inaingia na upande tatu, na ndani ya nyumba hapiti, mulango yetu inapita muntu na kikapo tu. Mvula iko kila siku sasa. Kila siku, Sifa. Asubuhi naamuka naangalia wingu mbele ya kuangalia watoto.

Ulinishika mukono ku mukeka ile siku ya tatu ya homa. Midomo yako ilikuwa imepasuka. Haukuniomba kitu juu yako mwenyewe. Ulisema, «Mama, Shangazi ni ya Aline. Ni pesa ya masomo yake. Umufunike muzuri.» Hiyo tu. Hiyo njo neno ya mwisho niliweza kusikia, ingine ilikuwa homa inasema. Na mimi nilijibu, «Nitamufunika.» Na kitu ya kwanza nilifanya kisha kukuzika...

Nimeacha kuandika kidogo. Nimerudi.

Watu wanasema tumuuze mbele hajakufa. Wanakuya kumuangalia, wanamushika mapaja, na hawamushiki vile muntu anashika farasi ya kubeba. Ni wale wale walikuwa wanakucheka. Unakumbuka mwaka ule mwenye ferme, ile shamba kubwa ya mifugo, alipoondoka akakuachia Shangazi na bulangeti yake? Vijana walisimama kwenye njia wakasema, «Nani atatoa ngombe juu ya binti anayenuka farasi?» Wewe ukasimama na kamba kwenye mukono, ukawajibu, «Mulete hizo ngombe, mimi nitaleta farasi, tupime mbio.» Mimi nilijificha nyuma ya ndizi nacheka mpaka machozi. Nilikuwa naogopa kwamba hautaolewa, na nilikuwa nacheka. Na ulibeba maziwa yao! Kila asubuhi bidoni zao zilikuwa zinateremuka na Shangazi mpaka kwa muntu wa fromaji, mwenye kufanya jibini, hata mvula inanyesha, na maziwa inafika bado iko tamu. Sasa wanabeba na kichwa, wanateleza, inafika imechachuka, na wanakuya kwangu kusema «pole Mama Sifa» na macho inapima nyama.

Mimi nimejaribu, mwanangu. Usifikiri nilikaa.

Kwanza nilichukua shitingi, ile plastiki ya nyumba, nikamufunga nayo yote mpaka shingo. Mvula haikuingia. Lakini kisha siku mbili nikaifungua, chini yake maji iko tele! Jasho yake mwenyewe. Nyoya zake zilikuwa zinatoka kwenye mukono yangu, na ngozi iko nyekundu kama ya mutoto amelala ndani ya mukojo. Hapo njo nilielewa kwa nini ulikuwa unasema kitu ya farasi lazima ipumue. Nilikuwa nafikiri unasema tu maneno ya ferme.

Kisha koko yako akasema mawese inazuia maji, zamani walikuwa wanapakaa ngozi ya ngoma. Nikapakaa mawese. Siungu, wale siafu, wakatoka chini ya nyumba, wakapanda, kila moja na kinywa yake. Tuliwatoa na moto ya majani. Riziki alikuwa anaruka, anapiga miguu, anasema, «Mama, sasa hata wadudu wanakuya ku kilio ya Sifa!» Tukacheka, na kisha kicheko ikageuka, unajua vile inageukaka. Tulikaa chini yote mbili pale kwenye majani.

Nikajaribu mushumaa. Niliyeyusha, nikapakaa upande moja, ikakauka nyeupe muzuri. Nikakunja bulangeti, ikapasuka yote kama kisigino ya koko, ikaanguka chini vipande vipande.

Njo nikaanza kukukumbuka na pua. Sina namna ingine ya kusema. Macho yangu haikuangalia kazi yako, hiyo njo zambi yangu kubwa kupita ile ya sabuni. Ulikuwa unaniita. «Kuya uone Mama, ni kazi ya kidogo.» «Kuya ushike tu hapa.» Na mimi, niko na sombe kwenye moto, niko na maji ya kuteka, na zaidi ya yote niko na hasira juu umechukua sufuria yangu muzuri. Siku moja tu nilikuya. Nilishika pembe mbili za bulangeti, wewe unapitisha pasi ya makala juu, pole pole, na nta inayeyuka inaingia ndani ya kitambaa, bashi inageuka nyeusi pale pasi imepita kama vile udongo inageuka mvula ikianza. Ulikuwa unasema nusu na mimi, nusu na wewe mwenyewe. Ulisema, «Nta inazuia maji. Mafuta ya ngombe inalainisha nta. Na ulimbo njo inawashikanisha wasigombane.» Nilisikia hiyo juu nilicheka, nilisema unaongea kama pasta ku ndoa. Lakini kiasi gani? Ulitia ulimbo namna gani, mara moja ao kidogo kidogo? Pale nilikuwa naangalia sufuria yangu, naona vile itakataa kutakata.

Chini ya kitanda yako nilipata nta. Iko imefungwa ndani ya majani, kubwa kama kichwa ya mutoto muchanga. Niliishika nikalia juu ilikuwa na alama ya vidole yako. Nikaitia ndani ya sufuria, nikaitereka juu ya makala.

Ilishika moto. Ilipanda mpaka karibu na majani ya nyumba. Nilitupa mufuniko juu yake, mukono ya kushoto ikaungua, iko inapona, usiogope. Nusu ya nta ilikuwa imekwisha. Papa yako alikuya mbio na ile muguu, akaangalia, na hiyo siku alisema. Alisema, «Sifa alikuwa anatia sufuria ndani ya sufuria. Ya chini ilikuwa na maji.» Ee! Yeye aliona! Alikuwa anakaa pale kwenye mulango myaka yote, anaona. Nikamuuliza, na ulimbo? Kiasi gani? Akasema, «Wakati wa ulimbo alikuwa ananipa mugongo.»

Basi ile nusu ilibaki tulifanya sawasawa. Sufuria ndani ya sufuria, maji inachemuka pole. Nta, na mafuta ya ngombe Riziki aliomba kwa jirani. Ulimbo hatuna. Nikapakaa na burashi ikiwa ya moto, mbele pale kamba ya bidoni inakwangua, juu hapo nilikumbuka ulikuwa unapitia kila mwezi, kisha mabega. Papa yako alishika pembe mbili vile nilishika siku ile, mimi nikapitisha pasi. Harufu ikatoka, Sifa. Ilikuwa harufu yako ile nilikuwa natukana. Aline akatoka ndani ya nyumba mbio, akasimama, akaangalia pande zote. 

Tukaanika kivulini siku mbili. Leo asubuhi nilimwaga kikombe ya maji juu yake. Kwenye mabega ilisimama. Ilisimama, ikakimbia! Mugongo, pale kitambaa inashonwa katikati, na kwenye kiuno yote, ilikunywa. Nta ilikuwa imekwisha hapo. Na hata kwenye mabega nikikunja naona mustari nyeupe inaanza kupasuka, kidogo kama unywele, juu ulimbo haiko. Mvula mbili, tatu, itakuwa imekwisha.

Papa Kubuya wa Ntoto, ule wa asali, hajafika hapa tangu mbele ya ugonjwa yako. Wewe alikuwa anakuletea nta ndani ya majani na ule ulimbo wa muti wa mubafu wenye kunuka kama kanisa kubwa, na unamupa fromaji, na munakaa munacheka maneno ya nyuki. Barabara unajua vile iko. Lakini juzi mama moja wa Itebero, upande wa kule Ntoto, alipita hapa anabeba mutoto mugongoni, anatembea tangu siku mingi, tukamupa maji. Nikamuuliza. Akasema Papa Kubuya iko muzima, iko kwake, na nta yake imejaa nyumba juu hakuna njia ya kuiteremusha. Imejaa nyumba! Na mimi hapa nakwangua sufuria na kisu.

Basi nimesema nitaenda mimi.

Walipiga kelele wote. Koko alisema niko muzee, mimi, yeye mwenye hakumbuki myaka yake! Riziki alisema, «Mama, wewe ukifika ku soko ya chini unauliza njia ya kurudi, na sasa unataka pori?» Ni kweli. Sijapita kule hata siku moja. Ni siku tatu ya miguu kama mito haijajaa, na katikati ni pori inafunga juu ya kichwa, na kuna pahali muntu anapita mbio bila kuongea. Naogopa. Wacha nikuambie wewe tu, wao niliwaambia siogopi. Nafikiri nikianguka kule, Aline atalala na nani? Nafikiri haya yote juu ya farasi? Watu watasema Mama Sifa kilio imemuharibu kichwa.

Lakini Riziki ananyonyesha. Papa yako iko na muguu. Na bulangeti sio wao walioitia ndani ya mto.

Papa yako njo alimaliza maneno. Alisimama, akaenda akakata miti ine mirefu, akafunga shitingi juu yake kama paa ya muntu anachukuliwa kwa heshima. Akasema wakati mvula inakuya, yeye na Riziki na majirani wawili watasimama wanaishika juu ya Shangazi, isimuguse mugongo, hewa ipite, mpaka mvula ikate. Kila mvula. Siku zote sitakuwa hapa. Nikamuuliza, na muguu? Akasema, «Ni mikono inashika.» Jana tulijaribu, mvula ya saa nane. Walisimama pale wote wanalowa, maji inawashuka kwenye shingo, na farasi katikati iko mukavu anawaangalia. Watu walipita njiani wakasema, «Muangalie, wanamufanyia Shangazi ndoa.» Papa yako akawajibu, «Mulete zawadi!» Sifa, tangu uende ni mara ya kwanza nilimusikia anachokoza muntu.

Lakini shitingi inashikwa na mikono, na mikono inachoka, na siku moja mvula itakuya wote wako kwenye shamba. Lazima bulangeti izuie maji. Lazima, mwanangu. Nitaondoka kesho asubuhi pamoja na yule mama wa Itebero, yeye amemaliza safari yake, anarudi kwao, tutafuatana mpaka njia inapogawanyika. Nabeba fromaji mbili ndani ya majani ya ndizi za kumupa Papa Kubuya, na viazi, na Biblia ndogo, na hii barua nitaiacha kwenye kaburi yako chini ya jiwe, ndani ya kipande ya bashi nilikata pembeni, ile yenye kuzuia maji. Karatasi ni ya kaye ya Aline, daftari yake ya masomo. Alining'olea mwenyewe, akasema nisiandike pale yeye alichora.

Sina nguvu ya kukuaga muzuri. Ile mara ya kwanza sikukuaga, nilipiga tu kelele, walinishika. Sasa nakuaga nimekaa chini, mukono imetulia kidogo. Ulale pole, mama yangu. Kule kama kuna baridi omba kitu ya kujifunika, usione haya, wewe ulikuwa unaona haya ya kuomba tangu ukiwa mutoto. Umusalimie babu yako. Umusalimie yule kaka yako mudogo hakupata jina, umwambie tungemuita Bahati.

Na nakuahidi hivi, mbele ya Mungu anaona mukono yangu imeungua: nitarudi na nta. Nikirudi nitapakaa ile mugongo mara mbili, na mushono mara tatu, na Aline atasimama karibu yangu na atashika pembe. Hata kama iko na kazi ingine. Hata akilia. Ataangalia sufuria, ataangalia kiasi, ataangalia yote, mpaka aweze kuifanya macho imefungwa. Sabuni haitaigusa tena, na siku nitakufa waiache inuke.

Sasa nisikilize muzuri, juu nimefika pale nataka jibu.

Kuhusu kunisamehe, usinijibu sasa. Hiyo iko nzito, na mimi sitaki kuipata ndani ya ndoto kisha niamuke niulize kama ni wewe ao ni tumbo yangu. Utanijibu siku tutaonana, uso kwa uso, na kama ni kunikaripia utanikaripia, niko mama yako sitakimbia.

Nijibu kwanza juu ya ulimbo. Kwa nta kubwa kama kichwa ya mutoto, unatia kiasi gani? Ngumi? Nusu ya ngumi? Unaitia mbele ya mafuta ao kisha? Pitia kwa papa yako, yeye anaota muzuri na hasahau. Koko usimupitie, atachanganya. Ao nipitie mimi mwenyewe njiani, nitalala pahali popote. Lakini usikawie, Sifa. Siku tatu tu. Kisha siku tatu nitakuwa nimesimama kwenye mulango ya Papa Kubuya na mikono wazi, na ataniuliza, «Mama, ulimbo nikukatie kiasi gani?»

Mimi mama yako,
Mama Sifa